Jinsi ya kuacha tabia iliyokukamata: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale. "Nianzie wapi?" "Niache ghafla au nipunguze kidogo kidogo?" "Itachukua siku ngapi?" "Mbona nimeacha mara sita na mara sita nimerudi?" Nimekuwa nikimjibu kila mtu peke yake, na kila mara najikuta narudia maneno yaleyale. Nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio. Soma mpaka mwisho kwanza, halafu rudi hatua ya kwanza ukiwa na kalamu mkononi.

Ninazungumzia mazoea ya kila siku: sigara, simu isiyotoka mkononi, kubeti, kahawa au soda kupita kiasi, kung'ata kucha, picha za ngono, kukesha bila sababu. Mimi nilivuta sigara miaka kumi na moja, na niliacha mara nyingi kabla ya kuacha kweli. Kilichobadilika mara ya mwisho ni kwamba niliacha kupigana na hamu, nikaanza kuchunguza saa na mahali inapozaliwa. Tabia ina saa yake na mahali pake. Ukivijua hivyo viwili, nusu ya kazi umeimaliza.

Kwanza kabisa: nani asianze peke yake

Kama unakunywa pombe nyingi kila siku, na ukiikosa mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usiache ghafla ukiwa nyumbani. Degedege inaweza kukupata ndani ya saa 6 hadi 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo inaua. Tahadhari ni hiyohiyo kwa aliyemeza kwa muda mrefu dawa za usingizi au za kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu: hizo hupunguzwa polepole, daktari akisimamia. Kwa heroini, arosto yenyewe (mateso ya mwili unapokosa dawa) inatesa sana, lakini hatari kubwa inakuja baadaye. Mwili ukishakaa siku kadhaa bila dawa unapoteza uzoefu wake, na kipimo kile cha zamani kinaweza kuua. Ipo tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini chini ya uangalizi; iulizie hospitali.

Ukiwa katika kundi hili, anza na daktari. Hatua zinazofuata utazitumia ukiwa chini ya uangalizi wake.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Usitumie simu, hasa kama simu ndiyo tatizo.
- Saa ya kawaida yenye kengele. Wengi hulala na simu kitandani kwa sababu ndiyo inayowaamsha.
- Mtu mmoja atakayejua unachofanya. Mmoja anatosha. Asiwe mtu wa kukugombeza, wala yule mnayeshiriki naye tabia hiyohiyo.
- Siku saba ambazo huachi chochote. Nitaeleza.

Hatua ya 1: Chagua tabia moja na uiandike kwa maneno yanayoonekana

"Nataka kupunguza simu" haina mwisho. Jioni hutajua kama umefaulu au umeshindwa. "Simu hailali chumba ninacholala" inajulikana wazi. "Sivuti sigara hata moja kuanzia tarehe 14" inajulikana wazi pia.

Kosa la kawaida hapa ni kuacha vitu vitatu kwa mpigo kwa sababu umeamka na ari. Ari hiyo haidumu wiki mbili. Isipokuwa tabia mbili zimefungamana: kama unavuta unapokunywa, basi wiki za mwanzo kaa mbali na meza ya vinywaji, maana glasi ya pili ndiyo itakayokuwashia sigara.

Hatua ya 2: Siku saba za kuandika bila kuacha

Hapa ndipo wengi hupaona kama kupoteza muda, na hapa ndipo ningekuomba usiruke. Endelea na tabia yako kama kawaida, ila kila inapotokea andika mstari mmoja papo hapo: saa ngapi, uko wapi, uko na nani, umetoka kufanya nini, na unajisikiaje.

Baadhi ya mistari ya ukurasa wangu wa siku ya tatu ni hii:

Saa 12:40 asubuhi, mlangoni, peke yangu, nimetoka kuamka, kichwa kizito.
Saa 4:10, nje ya ofisi, nimekata simu ya mkubwa wangu, nina hasira.
Saa 4:35, palepale, mwenzangu ametoka kuvuta, nimemfuata.
Saa 7:50 mchana, nimemaliza kula, sina ninachojisikia.
Saa 10:30 jioni, nasubiri gari, mikono haina kazi.

Siku hiyo nilivuta sigara kumi na nne. Nilipozipitia usiku nilikuta ni nne tu nilizozitamani. Nyingine ziliitwa na kukata simu, kumaliza kula, kusimama nje, kumwona mwenzangu akinyanyuka. Sikuwa nimewahi kulijua hilo kwa miaka kumi na moja.

Onyo: usiandike usiku kwa kukumbuka. Jambo la mazoea mkono hulifanya bila akili kuweka kumbukumbu, na utaandika tano zilizokuwa kumi na nne. Ukijisahau, andika tu "nimesahau hapa" kisha uendelee.

Hatua ya 3: Tafuta kile tabia inachokupa

Siku ya nane kaa na daftari. Zungushia duara saa zinazojirudia, mahali panapojirudia, hisia zinazojirudia. Kisha mbele ya kila duara jiulize: nilipata nini? Jibu la "raha" halitoshi. Sigara ya saa 4:10 ilinipa dakika tano za kutoka ndani ya jengo. Ile ya saa 4:35 ilinipa mazungumzo. Ya jioni ilinipa kazi ya mikono.

Kwa anayebeti, mara nyingi kinachomshika zaidi ya pesa ni kule kungoja matokeo. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha zamani kwa njiwa kwamba chakula kinachotoka bila mpangilio unaotabirika humfanya mnyama aendelee kudonoa kwa muda mrefu hata chakula kikikoma. Mashine za kamari zimejengwa juu ya kanuni hiyo, na kuvuta ukurasa wa simu kwa kidole uone kama kuna jipya hakuko mbali nayo. Nadharia inatosha hapo.

Hatua ya 4: Badilisha mahali kabla ya siku ya kuacha

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Anza na nguo, mfuko, droo, kitanda.

Sigara: toa zote, pamoja na ile "ya akiba". Toa kiberiti na kibweta cha majivu. Fua nguo zenye harufu. Kama ulikuwa unavuta mlangoni baada ya kuamka, asubuhi za mwanzo usisimame mlangoni. Ingia kuoga moja kwa moja.

Simu: chaji iwe chumba kingine. Zima arifa zote isipokuwa za watu wanaokupigia. Geuza kioo kiwe rangi ya kijivu. Utashangaa picha zinavyopoteza mvuto. Futa programu inayokumeza, na ukiihitaji ifungue kwenye kivinjari, kisha utoke kwenye akaunti kila ukimaliza. Ile kazi ya kuandika nywila upya ndiyo inayokupa nafasi ya kujiuliza unataka nini.

Kubeti: futa akaunti, halafu iombe kampuni ikufungie usiweze kufungua nyingine, nyingi zina utaratibu huo. Punguza kikomo cha malipo kwenye simu na benki. Kwa miezi ya kwanza, mtu wako wa karibu ajue pesa inapoingia na inapokwenda. Inauma kumwonyesha mtu, najua, lakini siri ndiyo inayoilisha kamari.

Kucha: zikate fupi kabisa, zisuguliwe laini. Ncha iliyochongoka ndiyo inayouita mdomo. Zipo na rangi chungu za kupaka kwa kazi hiyo.

Kuna habari moja huwa nawasimulia wanaodhani mahali si kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Lee Robins aliwachunguza wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Karibu mmoja katika watano alikuwa amekuwa mraibu wa heroini kule. Waliporudi nyumbani, katika mwaka wa kwanza ni asilimia 5 hivi tu ya hao waraibu waliorudia uraibu. Sababu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo ni kwamba kila kitu kilichokuwa kikiwaita kilibaki ng'ambo. Wewe huwezi kuhama nchi. Unaweza kuhamisha chaji.

Hatua ya 5: Andika mistari ya "ikiwa… basi…"

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kuhusu nguvu ya mpango wa namna hii: unaamua mapema kwamba jambo fulani likitokea, utafanya kitu fulani. Chukua kila duara la hatua ya 3 na uliandikie mstari wake.

Ikiwa nimekata simu nina hasira, basi nashuka ngazi hadi chini na kupanda tena.
Ikiwa mwenzangu ametoka kuvuta, basi nitakutana naye akirudi, nimwulize habari.
Ikiwa nimelala na mkono unatafuta simu, basi nawasha taa na kushika kitabu kilicho kando ya mto wa kulalia.

Kile unachokiweka badala ya tabia kitoe kilekile tabia ilichokuwa inakupa. Jino la pembe si dawa ya pengo: ukimpa pipi mtu aliyehitaji kutoka nje kwa dakika tano, atakula pipi, kisha atatoka na sigara. Mtu aliyekuwa anashika simu kwa upweke hatasaidiwa na mazoezi ya kunyoosha mgongo. Anahitaji sauti ya mtu.

Kwa tabia za mikono, kama kung'ata kucha au kunyofoa nywele, wanasaikolojia Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walichapisha mwaka 1973 njia ambayo bado inatumika: mkono ukianza kupanda, kunja ngumi uishikilie dakika 1 hadi 3, au shika kitu kwa nguvu. Ngumi iliyokunjwa haiwezi kung'atwa kucha. Fanya hata kama mkono uko nusu ya safari.

Hatua ya 6: Ghafla au kidogo kidogo?

Inategemea unaacha nini.

Sigara: chagua siku na uache siku hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika Uingereza kwa wavutaji 697, ulikuta kwamba baada ya wiki nne asilimia 49 ya walioacha ghafla walikuwa hawajavuta, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza kwanza. Wote walipewa ushauri na dawa za nikotini, kwa hiyo "ghafla" haimaanishi mikono mitupu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa kadhaa kwa anayeacha tumbaku, zikiwemo viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, gamu za nikotini, varenikilini, bupropioni na sitisini. Muulize mfamasia au daktari ipi inakufaa.

Gamu ya nikotini ina namna yake. Watu huitafuna mfululizo kama gamu ya kawaida, wanapata kwikwi na kichefuchefu, wanasema haifanyi kazi. Itafune polepole mpaka usikie ukali, kisha ibane kati ya shavu na ufizi utulie. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, uihamishe upande wa pili.

Kahawa na vinywaji vyenye kafeini: punguza. Anayekata kwa siku moja hupata kichwa kuuma kuanzia saa 12 hadi 24 baadaye, na hali inaweza kuendelea hadi siku 9. Ondoa robo ya kiasi chako kila baada ya siku tatu au nne.

Kubeti: ghafla, na yote. Dau dogo halipo.

Simu: huwezi kuiacha, kwa hiyo ipangie mahali na saa.

Hatua ya 7: Hamu inapokuja

Siku yangu ya nne bila sigara, simu ya mkubwa ilikuja tena, saa 4 na dakika zake. Nilipoikata, mkono wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Mfuko ulikuwa mtupu. Vidole vikabaki mle ndani vikipapasa kitambaa, na nilihisi koo limekaza kama mtu anayezuia kulia. Nikatazama saa ya ukutani. Nilidhani nitakaa hivyo mchana kutwa. Zilipita dakika sita.

Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe hata usipoipa kitu. Mara nyingi ni suala la dakika. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafundisha watu kuipanda kama wimbi badala ya kusimama mbele yake. Fanya hivi:

Sema kwa sauti au moyoni: "Hamu imekuja." Itafute iko wapi mwilini: koo, kifua, taya, viganja. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoingiza. Tazama saa na uandike dakika. Halafu tekeleza mstari wako wa "ikiwa… basi…".

Usibishane nayo. Hamu ina hoja nzuri kuliko wewe, na hoja yake kubwa ni "moja tu". Usiijibu, rudi kwenye saa.

Kwa nikotini, siku tatu za mwanzo hadi wiki ndizo mbaya zaidi, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hadi nne. Panga usiwe na mambo mazito siku hizo ukiweza.

Hatua ya 8: Hesabu kwa haki

Ile habari ya siku 21 iache. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua kama siku 21 kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, walikadiria siku 18 kwa wepesi na 254 kwa wazito, katikati ikiwa 66. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Kwa hiyo ukifika siku ya 22 na bado unahisi uzito, huna kasoro yoyote.

Hatua ya 9: Andaa siku ya kuteleza kabla haijafika

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sigara moja ina madhara yake, lakini kinachomrudisha mtu mwanzo ni sentensi inayofuata: "Nimeshaharibu, basi nimalizie pakiti." Andika sasa, ukurasa wa mwisho wa daftari, utakachofanya: nasimama hapohapo, natupa iliyobaki, naandika mstari wa saa na mahali, namwambia mtu wangu leo hii. Usingoje Jumatatu. Kuteleza kumekuonyesha saa na mahali ulipokuwa hupajui. Palikosekana kwenye daftari, sasa papo.

Ukikwama

*Nimeacha sigara, sasa nakula ovyo na nanenepa.* Nikotini hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo ukiiacha hamu hiyo inarudi, na chakula kinarudisha ladha yake. Anayeacha huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Usianze kujinyima chakula wiki hizohizo. Tembea zaidi, na mambo ya uzito yaje ukishasimama imara.

*Nimeacha sigara, usingizi umepotea na moyo unaenda mbio.* Angalia kahawa yako. Moshi wa sigara huufanya mwili uvunjevunje kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Punguza kwa nusu na usinywe baada ya mchana. Kama unatumia kiraka cha saa 24, muulize mfamasia kuhusu kukitoa wakati wa kulala.

*Mchana niko sawa, usiku ninashindwa.* Kabla ya kujilaumu, pima mambo manne: njaa, hasira, upweke, uchovu. Mara nyingi utakuta mawili yako pamoja. Kula mapema, na upange kulala kabla ya saa ambayo daftari linasema unaanguka.

*Ninaoishi nao wanaendelea na tabia.* Usiwaombe waache. Waombe kitu kimoja kidogo wanachoweza: wasivute ndani, wasikupe hata ukiomba, simu zisiwe mezani wakati wa kula.

*Nimeacha kubeti lakini madeni yananirudisha. Nikishinda mara moja nitalipa yote.* Fikra hiyo ni sehemu ya uraibu wenyewe. Andika deni lote kwenye karatasi moja, mwonyeshe mtu wako jumla kamili bila kuficha hata moja, kisha zungumza na wadai mmoja mmoja. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usilale na wazo hilo peke yako: mwambie mtu usiku huohuo, mfike hospitali.

*Nilikuwa salama miezi minane, ghafla hamu imekuja kama siku ya kwanza.* Tazama ulipo. Mimi ilinikuta nilipopita tena nje ya ofisi ile ya zamani. Nilikuwa sijasimama pale tangu nihame kazi. Mahali ambapo hukupazoea bila tabia bado panaikumbuka. Fungua daftari, papatie mstari wake wa "ikiwa… basi…", na safari ijayo uende ukiwa umeshaamua mkono utashika nini.